Mtungi Uliokatazwa Jasho

Mtungi wenye maji hutoa jasho, na mtungi mtupu hukaa mkavu. Hilo mtoto yeyote wa Ikombe, kijiji cha wafinyanzi ufukweni mwa Ziwa Nyasa, analijua kabla hajang'oka jino la kwanza, wala halihitaji shule. Kwa hiyo Nancy alipoingia nyumbani kwa bibi yake na kuuona mtungi wa marehemu mama yake umesimama ukutani, umelowa kuanzia shingoni hadi kitakoni, kitu cha kwanza alichofanya ni kutumbukiza mkono ajue umejazwa kiasi gani. Mkono ulifika chini kabisa. Ndani kulikuwa kukavu, na vumbi la udongo likamganda vidoleni.

"Usimsumbue," bibi akasema. "Amechoka. Anatoka mbali."

Bibi Rut alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukutani, macho kwenye mtungi. Nancy alipiga goti akamwamkia, akajibiwa marahaba ya mtu anayezungumza na mgeni wakati anangoja mwingine. Kisha bibi akanyoosha kidole, akakipitisha taratibu kwenye tumbo la mtungi mpaka tone likajaa, akalitia mdomoni. Nancy akaona kiwiko cha mkono ule, mfupa mtupu uliovishwa ngozi, akashikwa na hofu ambayo hakuwa ameipanga kuja nayo.

Mjomba wake Yusto, aliyekuwa amempokea Matema na kumleta kwa mtumbwi, alikuwa amemdokeza njiani lakini kwa aibu aibu, maana si kila jambo la mama yako unaweza kulisema ukiwa umeshika kafi. Sasa walipotoka uani akalisema lote. Tangu Veronika, mama yake Nancy, azame na mtumbwi wa vyungu alivyokuwa akivipeleka sokoni Matema, bibi alikuwa akila kwa kulazimishwa. Mwili haukuonekana. Upepo wa mwera uliamka asubuhi ile bila taarifa, ukapindua mtumbwi, na ziwa likafunga mdomo. Kitu pekee kilichorudi ni mtungi huo. Waliukuta umesimama wima majini, mdomo juu, unaelea kuja ufukweni kana kwamba kuna mtu anausukuma.

"Tangu mvua zianze umekuwa ukitoa jasho," Yusto alisema. "Na tangu hapo hali kabisa. Anasema hawezi kutia tonge mdomoni wakati mwanawe bado yuko njiani na hajala. Tumeita wazee wa kanisa wakamwombea. Akawashukuru, ndaga fijo, ndaga fijo, halafu akageukia mtungi."

"Atakufa, mjomba."

"Ndiyo maana nikakupigia simu. Wewe ndiye uliyesomea mambo ya vitu vinavyolowa."

Hapo Yusto alikuwa amelirahisisha jambo, lakini hakukosea. Nancy alikuwa fundi wa maabara katika karakana moja ya Mbeya inayotengeneza vanishi ya maji, ile ya poliyurethani, ambayo ikishakauka hubaki utando mwembamba, mwangavu, juu ya mbao au sakafu. Haina ile harufu ya kupasua kichwa kama vanishi za zamani. Ila ina ugonjwa wake: imezaliwa ndani ya maji, na maji yakiifuata tena huilegeza, ikavimba malengelenge na kubanduka. Kazi ya Nancy ilikuwa kuutibu ugonjwa huo. Dawa yake iliitwa silani.

Akili yake ilimpa maelezo ya haraka. Udongo wa mtungi ulikuwa umekaa ziwani, ukashiba. Nyumba ilikuwa chini ya mlima, sakafu ya udongo, mvua za Kyela zinanyesha kama zimelipwa. Unyevu unapanda kutoka sakafuni, unapita kwenye vinyweleo vya udongo, unatokea nje. Hakuna mtu aliyekuwa akitoka mbali. Akiuziba mtungi, jasho litakoma, na bibi ataona kwa macho yake kwamba hakuna anayekuja. Atalia kilio ambacho hakuwahi kukilia, matanga yataisha, na atakula. Nancy hakuwa na mama tena. Alikuwa na bibi tu, na hakuwa tayari kumpoteza.

Siku iliyofuata jua lilichomoza, akautoa mtungi uani. Ulitoa jasho hata juani. Akauweka karibu na moto mpaka ukakauka, akaupaka vanishi aliyokuja nayo kwa brashi, ndani na nje, akauacha barazani. Bibi alimtazama muda wote bila kumkataza.

Asubuhi utando ulikuwa chini, kando ya mtungi. Haukuwa umechanika. Ulikuwa umebanduka mzima mzima, kama gamba la nyoka, mdomo, shingo na tumbo, na mtungi umesimama uchi, umelowa chepechepe. Nancy aliuinua ule utando kwenye mwanga. Udongo ulikuwa umeacha chapa zake zote: michirizi ya vidole vya mama yake alipokuwa akiuzungusha mtungi juu ya kigae, na chini ya mdomo, mstari wa alama za dole gumba. Lakini katikati ya tumbo palikuwa na kitu kisichokuwa kwenye udongo. Kiganja kilichofunguliwa. Kimeusukuma utando kutoka ndani kwenda nje.

"Umemvisha nguo, amevua," bibi akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Nancy afike akacheka. "Mama yako hajapenda kubanwa tangu mdogo."

Nancy aliukunja utando, akautia motoni. Malengelenge, alijiambia. Maji yaliyobaki kwenye udongo yamesukuma, yakakutana na plastiki isiyoshika, yakapata umbo lolote. Mtu akitafuta kiganja hata kwenye mawingu atakiona. Lakini alikuwa akijisemea kwa sauti.

Alikuwa amebeba kichupa cha silani. Katika karakana alizoea kuwaeleza wanaojifunza kazi kwamba silani ni mshenga. Udongo na plastiki hawajuani, hawapendani, kila mmoja ana watu wake. Mshenga husimama katikati, mkono mmoja akamshika huyu, mkono wa pili akamshika yule, na akishafunga ndoa hiyo hakuna talaka. Huwezi kuwatenganisha ila uwavunje. Na anayemwamsha mshenga ni maji. Bila maji silani hulala tu chupani. Ikionja maji hufumbua macho, ikaanza kutafuta wa kumshika.

Akatia matone kwenye vanishi, polepole, huku akikoroga, maana ukizidisha huganda kama uji wa jana. Akaukausha mtungi tena. Safari hii brashi ilimsumbua. Ilileta mapovu, na mapovu yakikauka huwa matundu. Akaitupa, akapaka kwa mkono, namna wanawake wa pale wanavyousawazisha udongo, kiganja kikitembea na mviringo. Mapovu yalikimbilia chini ya mdomo wa mtungi, yakajificha kwenye zile alama za dole gumba. Nancy akaanza kuyabonyeza moja baada ya jingine, dole gumba lake likiingia kwenye alama, likitoka, likiingia kwenye inayofuata.

Angekuwa ametoka mahali pengine tungemsamehe. Lakini alikuwa mtoto wa mfinyanzi, na katika ukoo wao alama ile ndiyo jina la mtu. Kila mwanamke huibonyeza akimaliza, na hakuna anayeingiza dole lake kwenye alama ya mwenzake, hata kwa mzaha, hata dada kwa dada. Nancy mwenyewe aliwahi kuchapwa mkono na mama yake kwa kuligusa dole la bibi kwenye chungu kibichi. Alilijua katazo hilo. Ila siku hiyo alikuwa fundi wa maabara mwenye mapovu ya kuondoa, na mtu akiwa na haraka ya kuokoa haoni anapokanyaga. Alipofika alama ya mwisho dole lilikaa humo sawasawa, bila nafasi, akahisi ubaridi ukimpanda hadi kwapani. Akadhani ni upepo wa ziwani.

Utando ulishika. Asubuhi mtungi ulikuwa mkavu, unang'aa. Nancy aliugonga kwa kucha, akaukwaruza, haukubanduka popote. Akauingiza ndani akauweka mbele ya bibi, akaketi kando yake, tayari kumshika atakapoanza kulia.

Bibi Rut alipitisha kidole kwenye tumbo la mtungi. Akakitazama. Hakikuwa na kitu. Akapitisha tena. Nancy akawaza labda amefanya ukatili. Kisha yule kikongwe akageuka, akamtazama mjukuu wake usoni kwa muda mrefu, halafu mikononi. Akaishika mikono ile. Ilikuwa imelowa. Nancy mwenyewe ndipo alipoona: maji yalikuwa yakimtoka viganjani, baridi, yakidondoka mkekani.

"Kumbe umeshafika," bibi akasema. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na alikuwa akitabasamu. "Mimi nakodolea mlango, kumbe umeshaingia. Pole na safari, Veronika. Haya, tule."

Nancy alifumbua mdomo amsahihishe. Lakini bibi alikuwa ameshavuta kawa, amefunua wali uliokuwa ukiletwa na kurudishwa kila siku, akatia tonge la kwanza mdomoni, akatafuna, akameza. Akatia la pili. Wewe ungesema nini? Nancy akala naye, akilia kwa furaha, na jasho la mikono likalowesha wali kwenye sahani.

Basi bibi akapona. Jirani walikuja kuona, wakaleta ndizi na samaki, wakamsifu Mungu, wakamsifu na Nancy. Alianza kutembea uani kwa mkongojo, akaanza kuwatania watu. Nancy alipomwambia kwa upole, "Bibi, mimi ni Nancy," alimjibu, "Ndiyo, Nancy yuko Mbeya, ana kazi nzuri," kisha akaendelea kuchambua mboga. Nancy akaona si neno. Uzee ni mzigo, na mzee maadamu anakula, akuite jina lolote.

Mambo mengine ndiyo yaliyoanza kumnyima raha. Simu yake ilikataa dole lake. Alilifuta, akalipangusa kwa khanga, akalibonyeza tena, simu ikakataa. Alipoliinua kwenye mwanga aliona ngozi ya ncha ya dole imekuwa laini, haina mstari hata mmoja, inang'aa kidogo. Akajaribu kufikiri kama fundi. Silani imeshika ngozi. Itatoka ngozi ikijibadilisha. Lakini ngozi haikujibadilisha, na viganja havikuacha kutoa maji. Yalikuwa na harufu ya ziwa, ile ya mawe yenye utelezi karibu na maji marefu.

Halafu ukaja udongo. Jirani mmoja alileta donge, akaliacha uani, akisema bibi ndiye aliyeliagiza. Nancy alikuwa amepelekwa shule ya bweni kabla ya kufundishwa ufinyanzi. Hakuwahi kumaliza hata kibakuli. Alikaa karibu na donge lile akipiga simu kazini, ameifungua kwa namba ya siri, simu haikupata mtandao, akaiweka chini. Alipozinduka chungu kilikuwa mbele yake juu ya kigae, ukuta mwembamba, sawa pande zote, na yeye amekaa mguu mmoja amekunja, mwingine amenyoosha, mkao usio wake. Chini ya mdomo wa chungu palikuwa na mstari wa alama za dole gumba. Alizijua. Si za kwake.

Hofu ikamwingia sasa, hofu ya kweli. Akauchukua mtungi akaupeleka nyuma ya nyumba. Akaujaribu kwa maji ya moto. Akaujaribu kwa spiriti aliyonunua duka la dawa, na kwa msasa wa Yusto wa kusawazishia mtumbwi. Utando haukujali. Kazi yake ilikuwa nzuri mno, bora kuliko chochote alichowahi kufanya karakanani, na pale msasa ulipopita kwenye zile alama, dole lake yeye ndilo lililouma, likatoa maji, si damu. Akaacha. Mshenga alikuwa ameshafunga ndoa yake.

Yusto alikuja kumchukua, kwa sababu kazini walikuwa wamempigia yeye wakiuliza fundi wao yuko wapi. Alifika uani akiita hodi kwa sauti yake kubwa, kisha akasimama. Nancy alikuwa ameketi mbele ya udongo. Hakuwa amemsikia.

"Dada," Yusto alisema, neno likamponyoka. Akajishika mdomo.

Nancy akainua uso, na kwa kitambo kidogo kilichowatisha wote wawili hakumtambua kama mjomba. Alimwona kama mdogo wake, aliyekuwa akimbeba mgongoni. Kisha macho yakamrudi.

"Mjomba, nitoe hapa," alisema kwa kunong'ona. "Jana nilitafuta jina la mtaa ninaoishi Mbeya. Nimelitafuta mchana kutwa. Niliingiza dole langu kwenye alama zake. Zote."

Yusto hakumwuliza alama gani. Alikuwa mtoto wa mfinyanzi kama yeye. Alikaa chini kwenye jiwe, akavua kofia.

"Uvunje," alisema mwishowe.

"Na bibi?"

"Mama ameshaishi, Nancy. Amekula chumvi nyingi. Wewe hujaishi."

"Nikiuvunja atarudi mkekani."

"Atarudi," Yusto alisema. Hakumdanganya, na Nancy alimpenda kwa hilo. "Mimi ndiye mwanawe, ndiye nitakayemzika. Nakuambia uvunje. Nashuka kupakia mtumbwi, nikisikia umepasuka nitajua."

Akachukua begi la Nancy, akashuka ufukweni. Nancy aliubeba mtungi hadi kwenye mawe yaliyo ukingoni mwa uwanja, mahali vinapotupwa vyungu vilivyopasuka motoni. Ulikuwa mwepesi. Ziwa chini lilikuwa limetulia, mlima umejifunika ukungu, na mbali juu ya maji wingu jeusi la kungu, wale visubi wa ziwani, lilikuwa likisogea bila sauti. Akauinua kwa mikono miwili juu ya kichwa. Maji ya viganja yakamshuka hadi viwikoni.

Alitaka kuishi. Hilo tuliseme wazi, asije mtu akamfanya malaika. Alikuwa na chumba chake, alikuwa na kazi aliyoipenda, alikuwa na kijana mmoja aliyemwahidi kumpigia na ambaye jina lake, akiwa pale pale na mtungi kichwani, lilikuwa linamteleza. Alitaka kuuachia. Vidole vilianza kulegea.

"Veronika!"

Bibi Rut alikuwa amesimama mlangoni bila mkongojo. Mkono mmoja ameshika mwiko. Alikuwa amepika mwenyewe, peke yake, kwa mara ya kwanza tangu msiba, na moshi ulikuwa umemwachia majivu kwenye nyusi. Mashavu yalikuwa yamejaa. Kwenye kiwiko chake palikuwa na nyama.

"Unafanya nini huko, mwanangu? Chakula kinapoa. Mimi sianzi bila wewe."

Nancy alimtazama. Alijua kwamba hilo halikuwa neno la kubembeleza tu. Asingeanza. Angekaa, angengoja, leo na kesho, mpaka mwisho. Akaona jinsi itakavyokuwa, mkeka na kidole kinachopita kwenye ukuta mkavu kikitafuta tone. Mikono ikashuka yenyewe. Akauweka mtungi chini juu ya majani, taratibu, asije akaukwaruza.

"Abee, mama," akasema. "Nakuja."

Alinawa, akaingia. Kulikuwa na ugali, dagaa wa ziwani na mboga za maboga zilizotiwa karanga. Bibi alimmegea, akamsimulia habari za zamani, za mwaka mafuriko yalipochukua tanuri, na yeye akacheka mahali pa kucheka, kisha akamalizia mwenyewe habari ile, maana aliikumbuka vizuri. Alikumbuka hata rangi ya maji. Walikula mpaka sufuria ikabaki ukoko. Akatoka nje kumwaga maji ya kunawia.

Kule chini ufukweni mwanamume mmoja alikuwa amesimama majini, ameshika mtumbwi wenye begi moja, anatazama juu. Alikuwa amengoja sana, ilionekana.

"Nancy!" yule mwanamume akaita. Sauti yake ilipasuka. "Nancy!"

Naye pale uani, bakuli mkononi, akageuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa.